Mwalimu mgeni: nini ni chako kuamua, na nini ni cha shule

Mwalimu anapoanza kazi, swali linalomsumbua mapema ni hili: nina ruhusa ya kuamua nini? Chuoni aliambiwa kwamba yeye ni mtaalamu, kwamba anayemjua mwanafunzi ndiye anayechagua mbinu. Anafika shuleni anakuta azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kila wiki, limeshaandikwa, kitabu kimeshachaguliwa, tarehe za majaribio zimebandikwa ukutani, na mkuu wa shule anataka kuona andalio la somo kabla ya kipindi cha kwanza. Wengine hukata tamaa hapo hapo, wakabaki kutekeleza tu. Wengine hufunga mlango wa darasa na kufanya wanavyotaka. Nimefanya kazi na walimu wa aina zote mbili, na nimewahi pia kukaa kwenye kiti cha yule anayedai maandalio. Ninachoamini ni kwamba uhuru wa mwalimu upo kweli, una mipaka, na hupanuka kadiri mwalimu anavyoweza kueleza kwa nini amefanya alichofanya.

Kwanza, msiuchukulie uhuru huo kuwa hisani ya mkuu wa shule. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa serikali ulioitishwa na UNESCO mjini Paris ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililoandaliwa pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo kwa sababu hiyo. Pendekezo hilo halina nguvu ya mkataba, lakini linasema wazi kwamba walimu ndio wenye sifa ya kupima vifaa na mbinu zinazowafaa wanafunzi wao, kwa hiyo wawe na nafasi ya msingi katika kuchagua vitabu, kurekebisha zana na kuamua namna ya kufundisha. Linaongeza kwamba hayo yafanyike ndani ya programu zilizoidhinishwa. Kuhusu usimamizi, linataka ukaguzi umsaidie na kumtia moyo mwalimu, usimpunguzie uhuru, ubunifu wala wajibu wake. Mgeni aliyekariri sehemu ya uhuru akaiacha ile ya programu hufika mbele ya mkuu akiwa na nusu ya hoja.

Kwa kawaida, muhtasari wa somo, yaani orodha rasmi ya mada za kufundisha, si wako kuubadili. Ratiba, kanuni za nidhamu, namna ya kutunza alama na tarehe za mitihani ni mambo ya shule nzima. Una sauti kwenye kikao, lakini huyaamui peke yako. Kinachobaki kinaonekana kidogo kwenye karatasi: mada uianzie wapi, utoe mfano upi, uulize swali gani, uite nani ubaoni, wakati gani usimame na kurudi nyuma. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa au anapopotea, na hakuna mkuu wa shule anayeweza kuyaamua hayo akiwa ofisini.

Tuseme unafundisha hesabu za sehemu, kama nusu na theluthi. Azimio linasema wiki hii mmalize kujumlisha, wiki ijayo muingie kuzidisha. Unakusanya madaftari na kukuta karibu nusu ya darasa wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Tazama jibu hilo vizuri: mbili kwa tano ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Wameongeza kitu wakapata pungufu, na hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo tatizo si kwamba wamesahau hatua. Hawaoni ukubwa wowote nyuma ya zile namba. Sasa fikiria ukienda kwenye kuzidisha kama azimio linavyotaka. Kule kweli tunazidisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na jibu linatoka sahihi. Watafurahi, utafurahi, na lile kosa la kujumlisha litakuwa limepata kibali.

Uamuzi wa kusimama vipindi viwili, kuwachorea mistatili waipime nusu kwa theluthi kwa macho yao kabla ya kurudi kwenye namba, ni uamuzi wa kitaaluma. Ni wako. Lakini unaugusa mpango wa wengine, kwa hiyo mpelekee mkuu wa idara au mwalimu wa taaluma kabla ya kuutekeleza. Usiende kulalamika kwamba darasa ni zito na hutamaliza. Nenda na madaftari matatu yakiwa wazi, sema: “Mwalimu, wamekosea kwa namna moja. Nikiingia kuzidisha sasa, kosa hili litaota mizizi. Naomba vipindi viwili. Nitavifidia kwa kuunganisha mada ndogo mbili za mwisho, na Ijumaa nitawapa maswali machache kuona kama wamevuka.” Maneno hayo yana ushahidi, sababu, gharama na namna ya kupima. Sijaona kiongozi makini anayekataa ombi la namna hiyo bila kutoa sababu nzito, na akitoa sababu nzito, kuna kitu umejifunza kuhusu shule.

Maana kiongozi naye ana mzigo ambao mgeni hauoni. Mwalimu wa darasa la juu atawapokea wanafunzi wako na kudai wawe wamefika mahali fulani. Wazazi wa mkondo mmoja watauliza kwa nini mkondo wa pili wametangulia. Mwalimu akihama katikati ya muhula, mrithi wake anahitaji kukuta maandishi yanayoeleweka. Mengi yanayoonekana kama kubanwa yalianzia hapo. Ukimuuliza mkuu wako kwa heshima, “Utaratibu huu unalinda nini?”, mara nyingi utapata jibu la maana, na utajua ni wapi unaweza kuomba nafasi zaidi.

Kuna pia masharti ambayo hayalindi chochote. Yapo maandalio yanayodaiwa kurasa kadhaa kwa kila kipindi, hayasomwi na yeyote, yanapigwa muhuri tu, na ukiuliza unaambiwa wakaguzi ndio wanataka. Mara nyingine hata wakaguzi hawajataka. Nchini Uingereza, uvumi wa aina hii ulienea mpaka Ofisi ya ukaguzi wa shule, Ofsted, mwaka 2014 ikatoa ufafanuzi kwamba haizidai shule maandalio ya kila kipindi, na mwaka huo huo ikaacha kutoa daraja kwa kipindi kimoja kimoja. Ukiwa mgeni, ushauri wangu ni kujaza fomu hiyo kwa ufupi na kwa ukweli, kisha nguvu zako uziweke kwenye jambo linalogusa kujifunza. Hoja ya kupunguza makaratasi ipelekeni kikaoni mkiwa idara nzima, na mje na mfano wa andalio fupi mnalopendekeza.

Kutazamwa darasani huwaogopesha wageni kuliko jambo jingine lolote. Usisubiri uvamiwe. Mwalike mkuu wako au mwenzako mzoefu, na umpe kazi mahususi: “Naomba uwaangalie wale wa safu ya nyuma nikiwa naeleza, uniandikie wanafanya nini.” Hapo anayekutazama anakusanyia taarifa ulizozitaka wewe. Wajapani wana utamaduni wa siku nyingi wa kuchunguza somo kwa pamoja: walimu huandaa kipindi kimoja kwa kushirikiana, mmoja hukifundisha, na wengine huwatazama wanafunzi wanavyofikiri, kisha hukaa kukijadili. Kwa kuwa somo limeandaliwa na wote, hakuna anayehukumiwa peke yake, na kila mmoja huondoka na kitu cha kujaribu.

Hii ndiyo sababu siwaungi mkono wanaofunga mlango. Mwalimu aliyejifungia anafanya anachotaka, ni kweli, ila akikwama hakuna wa kumsaidia, na akifanikiwa hakuna anayejua. Siku mkuu akibanwa na matokeo, huyo ndiye wa kwanza kuambiwa afuate kitabu ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu hakuna anayeweza kumtetea. Watu hupenda kuitaja Ufini kama nchi ambayo walimu wanaaminiwa, na kweli ilifuta ukaguzi wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wachache hutaja kwamba kabla ya hapo mafunzo ya ualimu yalikuwa yamehamishiwa vyuo vikuu na shahada ya uzamili kufanywa sharti la kufundisha. Imani ile ilijengwa juu ya utaalamu uliokuwa ukionekana.

Kuna jambo moja ambalo halina majadiliano. Ukiambiwa ubadili alama za mwanafunzi, umwandikie mahudhurio ambayo hayapo, au uwaonyeshe wanafunzi mtihani ili shule ipande, kataa. Kataa kwa adabu, bila kelele: “Siwezi kusaini hili, Mwalimu Mkuu, kwa sababu si kweli.” Omba agizo hilo kwa maandishi, tunza nakala ya alama zako za awali, na zungumza na chama chako cha walimu mapema. Kuamua kiwango cha kazi ya mwanafunzi kwa uaminifu ndiyo sehemu ya uhuru wako ambayo hakuna kiongozi mwenye haki ya kuichukua. Najua hofu ya ajira inavyobana, hasa kipindi cha majaribio ya kazi, ndiyo maana nasema usiende peke yako.

Katika wiki zako za kwanza, omba dakika chache na mkuu wako, umuulize mambo haya: ni yapi niyaamue mwenyewe, ni yapi nikujulishe tu, na ni yapi nisiyafanye bila ruhusa yako. Andika majibu, mpelekee ayaone. Baada ya muhula mmoja rudini kwenye karatasi hiyo pamoja, ukiwa na madaftari ya wanafunzi mkononi, na uombe jambo moja lihamishwe kutoka orodha ya ruhusa kwenda orodha ya kujulisha.