Wadogo zangu wa fildi, angalieni mkia kabla hamjaandika jina la mnyoo

Jana nimemkuta tena mwanafunzi kaandika Mansonella perstans, mnyoo wa damu asiye na ala, kwenye rejista, kisa hajaona ala, yaani ule mfuko mwembamba unaomfunika mnyoo mchanga. Nikamwambia arudishe ile slaidi kwenye hadubini, nikakaa pembeni yake, maana kosa hilo nalijua kwa uchungu.

1. Damu ya kutafuta Wuchereria, mnyoo wa matende na mabusha ambaye ala anayo, inachukuliwa usiku, saa nne mpaka saa nane. Mchana mikrofilaria, yaani watoto wake, wako kwenye mishipa ya mapafu, sasa ukimtoboa mtu kidole saa tano asubuhi unatafuta nini jamani?

2. Ala peke yake haitoshi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, huku pwani, alikuja baba mmoja mvuvi, homa na mtoki kila baada ya muda, nikapaka slaidi nene rangi ya Giemsa kama tunavyopaka za malaria, mnyoo nikamwona, ala sikuiona, nikakumbuka notsi za chuo kwamba asiye na ala ni Mansonella, nikaandika hivyohivyo, sijapima urefu, sijaita mtu. Kumbe Giemsa haishiki vizuri ala ya Wuchereria, na kwenye slaidi nene mnyoo anaweza hata kuivua. Slaidi zilipokuja kukaguliwa, mkaguzi hakusema neno, alinisogezea hadubini tu. Mkia umechongoka, viini vya seli vimeishia kabla ya ncha, Wuchereria huyo. Mansonella viini vinafika mpaka mwisho, mkia butu, tena ni mfupi, kama mikroni 200 hivi wakati mwenzie anakaribia 300. Na yule baba alishaondoka na jibu langu, bila dawa aliyostahili. Siku tatu nazunguka madikoni namuulizia. Nilipompata akaniuliza, "umekula mwanangu?" nikashindwa kumtazama usoni.

3. Rangi ya Delafield ikiwepo tumieni, ala inaonekana.

4. Jina lake kamili, na waliompa, linaandikwa Wuchereria bancrofti (Cobbold, 1877) Seurat, 1921. Hayo mabano siyo pambo, Cobbold alimwita Filaria bancrofti, jenasi, yaani jina la kwanza, ikabadilishwa baadaye. Daktari Bancroft alimpata mnyoo mzima Brisbane, Australia, mwaka 1876, ila daktari Wucherer alishawaona watoto wake kwenye mkojo kule Bahia, Brazil, mwaka 1866. Oda, lile kundi kubwa juu ya familia, mtakuta Spirurida kwenye vitabu vya zamani, Rhabditida kwenye vipya, msigombane, familia ni Onchocercidae ileile.

Yule mwanafunzi kahesabu viini mara mbili, kachora mstari mmoja juu ya Mansonella, kaandika jina sahihi, kasaini pembeni. Mgonjwa alikuwa bado yuko kwenye benchi.