CL65 AMG na M6: mbona torki karibu mara mbili, halafu tofauti ni sekunde 0.2 tu?

Mkuu, swali lako limenigusa, maana miaka ile nilikuwa fundi kwenye gereji binafsi karibu na Ludwigsburg, Ujerumani, na magari yote mawili uliyoyataja yamepita mikononi mwangu. Umesema hivi: Mercedes CL65 AMG (AMG ni kitengo cha Mercedes cha magari yenye nguvu) ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, ya Nm 1,000, BMW M6 ina Nm 520, sasa iweje ya kwanza ifike kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.4 na ya pili kwa 4.6? Ukamalizia kwamba lazima kuna kiwanda kinachodanganya.

Hakuna kinachodanganya. Ila kipimo cha 0 hadi 100 hakipimi injini peke yake. Kinapima pia mpira wa tairi la nyuma, na kwa magari haya tairi ndilo linalosalimu amri kwanza.

Ongeza magari mawili kwenye hesabu yako uone. CL63 AMG ya wakati huohuo, V8 (injini ya silinda nane) ya lita 6.2 isiyo na turbo, yaani feni ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini, ina Nm 630. CL600, V12 yenye turbo mbili, ina Nm 830. Zote mbili zimeandikiwa sekunde 4.6, sawasawa na M6. Yaani torki ya 520, ya 630 na ya 830, jibu lilelile! Ukiona hivyo ujue kuna kitu kingine kinachoamua.

Anza na uzito. M6 ya 2005 ina V10 ya lita 5, farasi 507, paa la kaboni, kilo 1,710. CL65 ya 2007 ina farasi 612 lakini inakaribia kilo 2,200, kwa sababu ni S-Class, lile gari kubwa la kifahari la Mercedes, iliyopunguzwa milango miwili, na starehe zote zimebaki mle ndani. Gawanya mwenyewe: kwenye M6 kila farasi anabeba kama kilo 3.4, kwenye CL65 kama 3.6. Kwa mizani hiyo M6 iko mbele kidogo. Watu wanasoma 612 dhidi ya 507 na kusahau kwamba mmoja amebeba gunia na mwenzake amebeba mkoba.

Halafu kuna gia, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Torki unayoisoma kwenye karatasi ni ya kwenye injini, siyo ya kwenye gurudumu. Kati yake kuna giaboksi na difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) zinazoizidisha. Aliyewahi kupanda mlima na baiskeli ya gia anajua: ukiweka gia nyepesi unapanda hata kama miguu haina nguvu, ila itabidi uzungushe pedali haraka. Injini ya M6 inazunguka hadi 8,250 kwa dakika, farasi wake wote wanatimia kwenye 7,750, kwa hiyo BMW waliweza kuipa gia fupi, yaani nyepesi, saba, na kila moja inazidisha ile 520 vizuri. V12 ya AMG inatoa farasi wote 612 kwenye mizunguko isiyofika hata 5,500, kwa hiyo inahitaji gia ndefu, yaani nzito. Na ni gia tano tu, kwa sababu giaboksi ya gia saba ya Mercedes ya siku zile haikujengwa kubeba torki ya namna ile. Injini yenyewe ina uwezo wa Nm 1,200, AMG wakaifunga kwa kompyuta isizidi 1,000. Kwa hiyo nguvu ikishafika chini kwenye gurudumu, ile "karibu mara mbili" imepungua sana.

Na hicho kinachobaki nacho hakiingii chote barabarani, kwa sababu zote mbili zinasukumwa na matairi mawili ya nyuma. Hapa sihitaji kukuhadithia, nitakupa mfano wa namba. Porsche 911 Turbo ya 2006 ina farasi 480 na kilo 1,585, yaani kilo 3.3 kwa farasi, karibu sawa kabisa na M6. Lakini yenye gia za mkono inafika 100 kwa sekunde 3.9. Sehemu kubwa ya zile sekunde 0.7 imetoka kwenye mshiko: magurudumu manne yanasukuma, na injini imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma ikiyakandamiza matairi. Bentley Continental GT ya kwanza nayo ina kilo 2,385 kwa farasi 560, zaidi ya kilo 4 kwa kila farasi. Kwa uzito ule ilipaswa kuachwa mbali. Inafika kwa 4.8, kwa sababu inasukuma kwa miguu yote minne.

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, nimetoka na CL65 kuijaribu baada ya kubadilisha breki. Sikukanyaga mafuta kwa fujo, nilibonyeza tu kidogo, na ile taa ya njano ya kuzuia utelezi ikaanza kupepesa. Nikaongeza gia, ikapepesa tena. Kompyuta ilikuwa inakata nguvu muda wote. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba anayenunua gari lile kwa ajili ya 0 hadi 100 amenunua kitu ambacho hawezi kukitumia.

Sasa twende A81, barabara kuu ya Ujerumani, kuelekea Singen, kwenye vipande visivyo na kikomo cha spidi. Hapo habari inabadilika. Uko 120, lori limepisha, unakanyaga. CL65 inatoa Nm zote 1,000 kuanzia mizunguko 2,000 hadi 4,000. Fanya hesabu: kwenye 2,000 tayari una farasi 285 mkononi, kwenye 4,000 wako 570, na matairi sasa yanashika vizuri kwa kuwa gia ni ya juu. Hakuna kelele wala mtikisiko. Unaona tu mshale wa spidi umeshasogea.

M6 inataka ushirikiane nayo. Upangue (ushushe) gia mbili au tatu, uipeleke juu ya 6,000, ndipo ile V10 inapofunguka, na mlio wake pale juu mimi mpaka leo sijausahau. Ila usipopangua, gari la 520 linakuwa gari la kawaida tu. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: M6 ukiiwasha inaamka na farasi 400. Mpaka ubonyeze kitufe cha POWER ndipo 507 wanapatikana. Mteja mmoja alituletea yake akisema imepungua nguvu. Nilibonyeza kitufe, nikamwambia aende akazunguke. Akarudi anacheka.

Spidi ya juu sitaizungumzia sana. CL65 na M6 zimefungwa kwenye 250 kwa makubaliano ya viwanda vya Ujerumani. M6 yenye kifurushi cha kulipia inafika 305, Bentley haina kufuli na inakwenda 318. Kwa matumizi yako haikuhusu.

Maana umesema gari litakuwa la Muscat kwenda Salalah, karibu kilomita 1,000, kikomo 120, malori njia nzima. Basi kipimo chako ni 80 hadi 120, na hapo torki ya chini ndiyo inayokutoa nyuma ya lori. Kati ya hizo mbili chukua CL65. Ila fedha ingekuwa yangu ningetafuta CL600: Nm 830 zinatosha kabisa, ni V12 ileile ya lita 5.5 badala ya 6, na jangwani hutaona tofauti. Ukienda kuijaribu usiondoke taa za barabarani kwa kishindo. Tafuta barabara iliyo wazi, tembea 80 polepole, acha giaboksi itulie kwenye gia ya juu, kisha kanyaga na uhesabu mpaka 120. Fanya hivyo mchana wa joto, mara tatu mfululizo, uone kama ya tatu ni sawa na ya kwanza. Hewa ya turbo kwenye V12 hizi inapozwa kwa maji, kwa hiyo ukiona ya tatu imelegea, mwambie fundi aanze na pampu ya maji hayo kabla hujatoa hata riyali moja.