Kulala juu ya mito nako ni mazoezi?

Dada, umeuliza yoga ya kupumzika inasaidia nini ikiwa mtu analala tu juu ya mito. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ukishinda kwenye foleni ya Thika Road, makanga akipiga mabati na bosi akipiga simu, mwili hukaa chonjo: moyo mbio, shingo imekaza. Ukifika nyumbani, mwili bado haujui kwamba yameisha. Lala chali, miguu juu ukutani, blanketi lililokunjwa chini ya kiuno, dakika 10 hivi. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta; neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni) hupunguza mapigo ya moyo, tumbo nalo huanza kunguruma (langu halina aibu). Mito nilitoa kwenye sofa. Mwenye glakoma (ugonjwa wa macho unaohusiana na presha ndani ya jicho) asiinue miguu kabla ya kumuuliza daktari.