Maswali ya Lugha: Charge ya fundi na mchango wa wakili

SWALI: Habari yako Mwalimu. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, lakini kwetu ni Vihiga. Wiki iliyopita nilienda kuchukua mzigo wangu wa vioo vya simu uliotumwa na basi kutoka Nairobi, kumbe umekaa stoo siku nne wakaniambia nilipe mia sita ya kuwekewa, nikakasirika nikaandikia group ya familia "they have charged me, I will be late". Hapo hapo simu ikazima. Kufika nyumbani saa mbili usiku napata boma imejaa watu, mama ameketi chini hasemi, na mjomba ashachangisha elfu nne na mia tano ya wakili! Sasa wanasema Kiingereza changu ni kibovu, mimi nasema ni chao. Nani yuko sawa, na hii charge kwani iko na maana ngapi?

JIBU: Pole fundi, ingawa nimecheka mpaka nikaitwa na watu wa chumba kingine. Unachajia mtaa mzima halafu yako ndio inazima, kweli mganga hajigangi.

Kiingereza chako si kibovu, kimepungukiwa na mia sita tu. Ungeandika "they have charged me 600" mama angejua ni pesa na angeendelea na ugali wake. Ukitoa ile pesa sentensi inabaki uchi, na Mkenya akisikia mtu amekuwa charged bila bei akili inakimbia kortini moja kwa moja. Hili neno linategemea sana kile kinachokuja nyuma yake. Likifuatwa na pesa umetozwa. Likifuatwa na with umeshtakiwa, charged with theft, hapo tafuta wakili kweli. Likifuatwa na at basi kuna kitu kinakujia mbio, na wale mnaoendaga kuona mafahali wakipigana kule Ikolomani mnajua vile watu hutawanyika fahali akiamua kuachana na mwenzake na kugeukia mashabiki, hiyo ndio the bull charged at us.

Sasa umeuliza maana ngapi, na mimi sitakuhesabia kwa sababu kamusi kubwa zinajaza kurasa na utachoka kabla yangu. Heri nikupe mzizi. Walatini walikuwa na neno carrus, yaani gari la kukokotwa, fikiria mkokoteni wa pale Kibuye. Kutoka hapo wakapata carricare, kupakia mzigo kwa gari, Wafaransa wakaifanya charger, Waingereza wakaichukua wakakata mkia. Car na cargo ni za boma hiyo hiyo. Kwa hivyo charge mwanzo wake ni kupakia mzigo basi, na ukishika hilo zingine zinajipanga zenyewe. Bunduki za zamani zilikuwa zinapakiwa baruti, hiyo baruti ikaitwa charge. Watu wa umeme nao wakaona wanapakia umeme ndani ya chupa maalum za kuuhifadhi, wakachukua lugha ya askari nzima nzima, hata neno battery lilikuwa la kundi la mizinga ya vita kabla Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, kuliweka kwa kundi la chupa zake za umeme mwaka 1749. Mpaka leo wewe hapo Kondele unapakia moto kwa simu za watu.

Na mtu je? Mtu akipakiwa deni ni charge, akipakiwa kazi yuko in charge, akipakiwa kosa ni charge. Na hapa ndio napenda Kiswahili, kwa sababu tuko na neno letu linalofanya hivyo hivyo, twika. Mtu anatwikwa gunia, anatwikwa majukumu, anatwikwa lawama, na hakuna Mfaransa alitufundisha. Tofauti ni kwamba sisi tukifika kwa kazi yenyewe tunagawanya: korti inashtaki, stoo inatoza, simu inachajiwa, fahali anavamia, mkubwa anasimamia. Siku hizi tunasema pia "wamenichaji mia sita", na mimi sina shida nayo kwa mazungumzo, lakini wewe fundi kwa group ya familia tumia kutoza tafadhali.

Kando kidogo, kwa vile mjomba alishajiandaa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa aelezwe shtaka lake vya kutosha ili aweze kulijibu, na kama haelewi lugha ya korti apewe mkalimani bila kulipia. Yaani unaelezewa charge free of charge. Na hizo elfu nne na mia tano rudishia watu.

SWALI: Mwalimu mimi niko na duka Nakuru. Mtoto wangu ameniuliza charge, fee, fare, fine na price kama ni kitu moja, nikamwambia zote ni kutoa pesa. Nimekosea?

JIBU: Hujakosea mama, zote zinamaliza mfuko. Lakini kila moja iko na mlango wake. Price ni bei ya kitu kwa duka lako. Fare ni nauli, inatoka kwa neno la kale la Kiingereza la kusafiri, lile lile liko ndani ya farewell. Fee ni ya huduma ya mtu mwenye utaalamu ama ya shule, na sisi ya shule tunaiita karo, Watanzania ada. Fine ni faini, na hiyo ndio naipenda zaidi, Kilatini finis ni mwisho, unalipa ndio maneno yaishe. Charge ndio inabeba zilizobaki: kuwekewa mzigo, kutuma pesa, kuletewa bidhaa. Mwambie mtoto akikwama na hajui ni gani aandike charge, mara nyingi itapita.

SWALI: Mimi ni nesi Kakamega. Niliandika kwa ripoti "the baby was left in charge of the nurse" in-charge wetu, yaani msimamizi wa wodi, akazungushia kalamu nyekundu. Kosa liko wapi?

JIBU: Umesahau the, dada. In the charge of the nurse, mtoto yuko mikononi mwa nesi. Bila hiyo the, mtoto ndiye anasimamia nesi. Ingawa kwa vile naskia wodi ya watoto hukaa usiku, mmoja akilia nyote mnakimbia, ripoti yako ya kwanza ilikuwa na ukweli wake.