Barua kwa mwanangu: Brora ilifungwaje, ikafufukaje

Mwanangu Neema,

Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja: kwa nini wenye kiwanda cha wiski cha Brora walikifunga, ilhali chupa zake leo zinauzwa kwa maelfu ya pauni; na je, kinywaji kinachotoka humo tangu kifunguliwe tena ni kilekile cha zamani? La kwanza halina maneno mengi. La pili ndilo lenye kazi.

Brora ni kijiji cha pwani huko Sutherland, kaskazini mwa Uskochi. Kiwanda kilijengwa mwaka 1819 na Marquess (kabaila mkubwa) wa Stafford, na ukisoma habari zake usiruke jambo hili: familia yake ndiyo iliyokuwa ikiwahamisha wakulima kwa nguvu kutoka mabondeni ili kondoo wapate malisho. Watu wakasukumwa pwani, na kiwanda kikawa soko la shayiri yao. Kwa zaidi ya miaka 140 kiliitwa Clynelish. Mwaka 1967 na 1968 kampuni iliyokimiliki ikajenga kiwanda kipya kando yake, chenye vyungu sita vya kukenekea (kuchemshia pombe na kuupoza mvuke wake), kikachukua jina hilo. Cha zamani, ambacho baadaye kiliitwa Brora, kikafungwa, lakini mwaka 1969 kikawashwa tena kwa sababu kampuni ilihitaji wiski ya kuchanganyia yenye moshi mwingi wa peati (udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kukaushia shayiri), na baada ya muda kiwanda chake cha Caol Ila kisiwani Islay kikasimama kwa ujenzi. Ndiyo maana Brora ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ina moshi mzito kuliko ya baadaye.

Kilifungwa Machi 1983. Anayekeneka wiski leo anabashiri wanywaji wa miaka kumi au ishirini ijayo, na ubashiri wa miaka ya 1970 ulikosea: maghala yalijaa, soko likashuka, na kampuni ikafunga viwanda vingi mwaka huohuo, kiwanda cha Port Ellen cha Islay kikiwemo. Kiwanda kikuukuu chenye vyungu viwili, jirani na kipya chenye sita, hakikuwa na mtetezi. Wakati huo Brora iliishia karibu yote kwenye michanganyiko ya wiski za viwanda mbalimbali. Wanywaji wengi hawakuijua kwa jina. Sifa zilikuja tangu mwaka 1995, ilipoanza kuuzwa peke yake. Na akiba ilikuwa inapungua yenyewe: pipa la Uskochi hupoteza takribani asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza, hivyo lita 250 zikikaa miaka 38 hubaki kama 116. Bei unayoiona imetoka hapo.

Sasa ufufuo. Oktoba 2017 kampuni ya Diageo, mmiliki wa viwanda hivyo, ilitangaza pauni milioni 35 kwa Brora na Port Ellen. Vyungu viwili vya shaba vilikuwa bado mahali pake; vikasafirishwa hadi kwa mafundi wa shaba mjini Alloa, vikarekebishwa na kurudishwa. Jengo lililovihifadhi lilikuwa bovu, likabomolewa na kujengwa upya kwa mawe yake yaleyale. Mei 2021 malango yalifunguliwa na Stewart Bowman, mzaliwa wa hapohapo, ambaye baba yake alikuwa ofisa wa ushuru wa mwisho kiwandani humo.

Kung'ang'ania umbo la zamani namna hiyo kuna sababu ya kazi. Shaba hunyonya salfa kutoka kwenye mvuke, na umbo la chungu huamua mvuke unaigusa shaba kiasi gani. Ukibadilisha urefu wa shingo, umebadilisha kinywaji. Upozaji nao una neno: bomba la shaba linalozunguka ndani ya pipa kubwa la maji baridi huupa mvuke shaba kidogo kuliko mitambo ya kisasa yenye vibomba vingi, hivyo pombe hutoka nzito zaidi. Hata kuloweka kimea (shayiri iliyooteshwa na kukaushwa) kuna mtego. Maji ya kwanza huwa kama nyuzi 64 za Selsiasi. Yakizidi sana, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufa na sukari haitoki. Reki za chuma zikikoroga kwa haraka, unga hupanda na maji ya kimea yanakuwa na ukungu, na wiski huelekea ladha ya njugu na nafaka. Anayetaka ladha ya matunda huenda taratibu, apate maji maangavu.

Lakini sifa kubwa ya Brora ni ule utelezi wa nta mdomoni, na huo hauagizwi kwa fundi. Somo lilitoka kwa jirani, Clynelish. Pombe ya kwanza na ya mwisho ya kila mkeneko hutengwa na kurudishwa kukenekwa tena, na katika tangi inamokusanywa hujengeka utando wa mafuta. Utando huo uliposafishwa, nta ikatoweka kwenye wiski, na wakalazimika kuuacha ujengeke tena. Kwa hiyo kiwanda chenye matangi mapya hakiwezi kuwa na ladha hiyo siku ya kwanza, hata vyungu viwe vyenyewe hasa. Mimi naona huu ndio ugumu halisi wa kufufua kiwanda, kuliko mawe na shaba.

Je, ni ileile basi? Vyungu ndivyo, mtindo wa kazi ndio, ila kimea, hamira na mapipa ni vya zama hizi. Kisheria ni lazima pombe ikae angalau miaka 3 katika pipa la mwaloni, huko Uskochi, ndipo iitwe wiski ya Skochi, lakini miaka 3 haitoshi kuilinganisha na Brora iliyozeeka miaka 30. Mapipa ya 2021 yatafikisha 12 mwaka 2033. Ukikutana na chupa ya Brora, tazama mwaka wa kukenekwa. Toleo la kuadhimisha ufunguzi lenyewe lilikuwa la mwaka 1972, 1977 na 1982, akiba ya zamani tupu. Ukiambiwa chupa kama hiyo ni kazi ya kiwanda kilichofufuliwa, usilipe.

Baba yako