Kuku si nyama? Maswali yenu ya Ijumaa za Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu tupakwe majivu simu yangu imejaa meseji za nyama. Kila mwaka ni hivyo hivyo: hakuna anayeniuliza habari ya kuungama, wote wanauliza habari ya kuku. Nilikuwa katekista wa kigango huku Iringa miaka mingi kabla magoti hayajagoma, kwa hiyo sheria za Wakatoliki za kujinyima nyama Ijumaa nazijua, na mbinu za kuzikwepa nazijua vilevile. Haya ndiyo niliyoona yanarudiwa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva bajaji, Mwanjelwa. Ijumaa nilikula wali kuku, mwenzangu akasema nimevunja sheria ya Kanisa. Nikamwambia kuku si nyama. Nani yuko sahihi?

Marahaba, kijana. Yuko sahihi mwenzako. Ila kosa lako nalielewa, limetoka kwenye lugha yetu wenyewe. Ingia mgahawa wowote uulize kuna nini, mhudumu atakutajia bila kupumua: wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Hapo "nyama" ni ng'ombe, basi. Hata nyumbani mama akisema leo tunakula nyama, hakuna mtoto anayegeuka kutazama bandani.

Kanisa halihesabu hivyo. Sheria hii ilitungwa kwa Kilatini, na neno lililotumika, *caro*, linaeleweka kuwa ni nyama ya wanyama na ndege wenye damu moto. Kwa hiyo ng'ombe, mbuzi, kitimoto, sungura, bata, kanga na kuku, awe wa kienyeji au wa kisasa, wote wanasubiri Jumamosi. Samaki ruksa, dagaa ruksa. Usipa wa Kyela, mbasa wa Matema, perege wa Mtera, kula kwa amani. Kumbikumbi nao hawana kesi.

Kuna mwingine kutoka Mtera aliuliza, nadhani kwa utani, kama kiboko anaweza kuhesabiwa samaki kwa kuwa anashinda majini. Hapana. Lakini msimcheke sana. Kule Venezuela wapo Wakatoliki ambao kwa karne nyingi wamekula wakati wa Kwaresima mnyama wa majini aitwaye capybara, mfano wa panya mkubwa kama mbuzi, akichukuliwa kama samaki. Na mwaka 2010 Askofu Mkuu wa New Orleans, Marekani, Gregory Aymond, alimjibu muumini kwa barua kwamba alligator, yaani ndugu yake mamba, anaingia kundi la samaki. Kiboko bado ananyonyesha na damu yake ni moto. Tena ukikutwa na nyama yake, wa kwanza kukuhoji watakuwa askari wa wanyamapori. Paroko atasubiri foleni.

Je, supu? Nikinywa mchuzi mtupu bila nyama yenyewe, nimevunja? Fundi seremala, Mafinga.

Swali zuri, na ni swali la mtu anayeamka saa kumi na moja kwenye baridi ya Mafinga.

Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilisema waziwazi: nyama na mchuzi wa nyama, vyote marufuku. Kisha Februari 1966 Papa Paulo VI akatoa hati iitwayo *Paenitemini*, ndiyo iliyoweka utaratibu mpya wa toba. Humo anakataza nyama, anaruhusu mayai, maziwa na vitokanavyo na maziwa, na viungo vya chakula vilivyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Mchuzi hakuutaja. Kwa hiyo mwanasheria hodari anaweza kukutetea ukashinda.

Mimi sitakutetea. Hebu tuitazame hiyo supu. Sufuria la makongoro limekaa kwenye mkaa tangu usiku, mafuta yanaelea juu kama shilingi, muuzaji anakata ndimu, chapati zimefunikwa pembeni kwa kitambaa. Unamwambia, "Toa vipande, niachie mchuzi." Ndugu yangu, hapo umejinyima mifupa. Kunywa chai ya tangawizi, mwili utapata moto huohuo.

Chipsi mayai hazina neno, hata kama unayashuku yale mafuta.

Binti yangu ana miaka 15, yuko bweni. Shuleni nyama ni mara moja kwa wiki na siku hiyo ni Ijumaa. Mdogo wake ana miaka 9, naye anataka kufunga. Mimi mwenyewe nanyonyesha. Tufanyeje? Mama wa Uyole.

Mama, kwanza tutenganishe mambo mawili. Kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na hakuna umri wa kustaafu. Kufunga chakula, yaani mlo mmoja kamili na vitu vidogo asubuhi na jioni, kunamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60, tena ni siku mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa nyingine za Kwaresima hakuna anayekulazimisha kushinda na njaa.

Wewe unayenyonyesha, kula. Mjamzito ale, mgonjwa ale, anayemeza dawa zinazotaka chakula ale, na asiungame kwa hilo. Wa miaka 9 mwache aache pipi kama moyo umemtuma, ila usimnyime nyama ukasema ni Kanisa.

Wa bweni ndiye mwenye mtihani. Siku nyingine zote ni maharage, nyama ni vipande viwili, na vyenyewe vinaangukia Ijumaa. Kama kuna mboga nyingine mezani, achukue hiyo. Kama hakuna, ale alichopewa, kwa sababu aliyekosa njia nyingine hafungwi na sheria hii. Nilipata kumsikia binti mmoja wa kidato cha pili akisema yeye hupokea mchuzi wake kama kawaida, halafu vipande anamtupia jirani ambaye si Mkatoliki. Nikamuuliza jirani anasemaje. "Anaipenda sana Kwaresima, mwalimu."

Mume wangu ni Mmoravian. Ijumaa anataka nyama yake kama siku zote, na mama mkwe ananiambia nisimpikie mwanawe majani kwa sheria za Roma. Je, nikiipika nyama mwenyewe natenda dhambi? Tukuyu.

Pole, mama. Hutendi dhambi. Sheria za Kanisa za namna hii zinawafunga waliobatizwa katika Kanisa Katoliki au waliopokelewa humo, ndivyo inavyosema kanuni ya 11 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, zinazotumika sasa. Mumeo hayumo, na mama mkwe kwa hilo amesema kweli, ingawa angeweza kusema kwa upole zaidi. Mpikie. Wewe chota ndizi zako kabla nyama haijaingia sufuriani, uweke maharage pembeni. Kuonja chumvi usihangaike nako. Na usimpigie mahubiri wakati anatafuna, maana nyumba nyingi za mchanganyiko nilizozitembelea hazikugombania Papa, ziligombania kilichomo kwenye bakuli.

Mimi ni mkulima, Ludewa. Kwangu nyama inaingia Krismasi, Pasaka na kwenye msiba. Ijumaa zote za mwaka nakula ugali na maharage. Sasa padri akitangaza tujinyime nyama, mimi najinyima nini?

Hili swali nimelikalia siku tatu. Nilikuwa naulizwa hivyohivyo kigangoni, na miaka ya mwanzo nilikuwa najibu vibaya. Nilikuwa nasema: basi wewe umeshatimiza, endelea. Kisheria ni kweli, umetimiza. Lakini anayeuliza hivi haulizi sheria. Anauliza kama naye ana nafasi katika toba ya wenzake, au hii ni ibada ya wenye bucha karibu.

Ijumaa imetengwa tangu zamani sana kwa sababu ndiyo siku Bwana aliyokufa. Maandishi ya kale ya Wakristo yaitwayo *Didake* yanawaambia waumini wafunge Jumatano na Ijumaa, na hayataji nyama. Nyama ilikuja kushikwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa chakula cha karamu. Ukiiacha, kila mtu mezani anaona kuwa leo si siku ya karamu. Kwako wewe Ijumaa haina karamu ya kuachwa. Ndiyo maana Sheria za mwaka 1983 zinasema mambo mawili. Kanuni ya 1250 inazifanya Ijumaa zote za mwaka kuwa siku za toba, si za Kwaresima peke yake. Halafu kanuni ya 1253 inaliruhusu baraza la maaskofu la nchi kuweka aina nyingine za toba mahali pa kujinyima nyama, hasa matendo ya huruma na ya ibada. Kwa hiyo mlango wa toba ni mpana kuliko bucha. Cha kwenu kinachotangazwa kanisani kisikilize kutoka kwa paroko, ndiye anayekujua.

Nikupe mfano mmoja. Kigangoni kwetu alikuwepo bibi mjane aliyekuwa na kitu kimoja tu cha anasa: sukari. Alikuwa anaweka vijiko vitatu kwenye kikombe, chai inakuwa nzito kama asali. Ikifika Ijumaa ya Kwaresima anachota vile vijiko kama kawaida, ila badala ya kikombe anavimimina kwenye kopo la Blue Band lililokwaruzika, anafunika, anakunywa chai chungu huku amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Alhamisi Kuu analipeleka kopo kwa mzazi yeyote aliyejifungua karibuni pale kijijini, aweke kwenye uji. Hakuwahi kusema ni mfungo. Alisema, "Nimekuletea sukari, imezidi."

Sasa mlinganishe na sisi wa mjini. Ijumaa tunaacha nusu kilo ya ng'ombe, tunaagiza samaki mzima wa kukaanga, kachumbari na ndizi juu, bili inatoka kubwa kuliko ya nyama, tunafuta midomo na kusema tumejinyima. Hatujavunja sheria hata herufi moja. Ijumaa ile ya kwanza baada ya Majivu tunasomewa Isaya 58, pale Mungu anapouliza kama mfungo alioupenda si kumgawia mwenye njaa chakula chako. Tunalisikia misa ya asubuhi, mchana tunachagua samaki kwa ukubwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Ludewa, usitafute nyama ya kuacha. Tafuta sukari yako. Unaijua wewe, na huenda mkeo anaijua zaidi.

Kipaimara cha mwanangu kitakuwa Ijumaa. Nimeshanunua mbuzi wawili. Mafinga tena.

Inategemea ni Ijumaa gani. Kanuni ya 1251 inaondoa kujinyima nyama pale Ijumaa inapoangukiwa na sherehe ya Kanisa, ile ya daraja la juu kabisa. Ya mwanao haihesabiki, samahani. Ijumaa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ni sherehe, kula. Ijumaa ya wiki ya Pasaka, kula. Mwaka 2027 Mtakatifu Yosefu, Machi 19, anaangukia Ijumaa katikati ya Kwaresima, kwa hiyo wenye jina hilo waanze kunenepesha mbuzi. Ijumaa Kuu peke yake haisogezwi na mtu: mwaka 2016 iligongana na sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, Machi 25, na iliyohamishwa ni Kupashwa Habari, ikaenda Aprili 4.

Kama Ijumaa yako haimo humo, nenda kamwone paroko kabla, si baada. Kanuni ya 1245 inampa uwezo wa kukuruhusu ukiwa na sababu ya haki, au kukubadilishia toba nyingine. Wengi hawaendi kwa kuona aibu, halafu wanakula kwa kujificha mbuzi ambaye wangeruhusiwa kumla hadharani.

Ulanzi unafungulisha?

Huyu hakutaja anakotoka na hakuhitaji. Msimu wa mvua mianzi inagemwa, na Kwaresima inaangukia humohumo. Desturi ya zamani ya Kanisa ni kwamba kinywaji hakivunji mfungo, na ulanzi si nyama. Kwa hiyo mtogwa wa asubuhi, ule mtamu unaotoka kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kugemea, hauna hatia. Mkangafu wa jioni, ule mkali uliochacha, nao hauna nyama ndani yake, ila nimeona mara nyingi unakokupeleka: kilabuni, na pembeni ya kilabu pana mtu anageuza kitimoto kwenye kikaango. Mbeta ya tatu ikiisha, hata siku huijui.

Nilisahau kabisa kuwa ni Ijumaa, nikala. Nimetenda dhambi? Njombe.

Hapana. Dhambi inataka ujue na ukubali, na aliyesahau hakujua. Ukikumbuka, acha pale ulipofika, usirudishe ulichomeza.

Na usione haya. Mimi, katekista, niliyewafundisha watoto kanuni hizi kwa namba, nilikuwa kwenye basi limesimama stendi ya Makambako, njaa imenishika, wachuuzi wamezunguka madirisha. Kijana akanipitishia mishikaki miwili kwenye gazeti, imepakwa pilipili, moshi bado unatoka. Nikalipa, nikang'ata. Ndipo macho yakatua kwenye tiketi yangu iliyokuwa mapajani, imeandikwa tarehe na siku. Mdomo umejaa. Nikatafuna polepole, nikameza, nikaomba msamaha kimoyomoyo. Mshikaki wa pili nikampa kijana niliyekaa naye.

Akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akaniuliza kwa adabu kama ni kitimoto, maana yeye ni Msabato. Nikamwambia ni ng'ombe. Akala.