Mzimu ni paka, si mbwa

Ukijiuliza ni mnyama yupi aliye mzimu katika katuni ya televisheni The Funky Phantom, paka au mbwa, ni Boo, yule paka. Katika katuni hiyo (Hanna-Barbera, 1971) mizimu ni wawili tu: bwana aitwaye Mudsy na paka wake. Elmo, mbwa wa vijana watatu wanaokutana na mizimu hiyo, ni mbwa hai kabisa.

Ushahidi umo katika kisa chenyewe. Mwaka 1776, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Mudsy aliwakimbia askari wa Kiingereza akajificha na Boo ndani ya saa kubwa ya kusimama. Mlango ukagoma kufunguka, wakafia humo wote wawili. Karibu miaka 200 baadaye vijana wanaikimbilia nyumba yenye saa ile kujikinga na mvua, wanasogeza mishale ya saa hadi saa sita usiku, na hapo bwana na paka wake wanatoka pamoja. Napenda sana kwamba hawakutenganishwa.

Ila kama unayemkumbuka ni mbwa anayetoweka, huyo ni Goober wa katuni nyingine, Goober and the Ghost Chasers, 1973. Naye si mzimu: ni mbwa hai anayepotea machoni akishikwa na hofu.